Chupa za Chavakali

Truphosa alianza kusoma kile kitabu ndani ya basi, akitoka zamu ya asubuhi kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi. Alipoinua macho, basi lilikuwa limempitisha vituo viwili. Akateremka na kurudi kwa miguu hadi kwake Hodge Hill, mvua ikimnyeshea, naye hata kofia ya koti hakuivaa. Hasira ilitosha kumpa joto.

Kilikuwa kitabu chembamba cha kurasa arobaini, kimeandikwa na Mzee Bethuel, mwenyekiti wa chama chao cha Wakenya hapa Birmingham. Kilisimulia historia ya Kiwanda cha Busaa cha Chavakali, magharibi mwa Kenya, ambacho Bethuel alikianzisha kabla ya kuhamia Uingereza. Miaka nenda miaka rudi busaa, pombe ya kienyeji ya nafaka, ilikuwa marufuku. Polisi walimwaga mitungi na kuwaburura akina mama hadi kituoni. Sheria ilipolegezwa, Bethuel alikodi ghala, akawaajiri akina mama wale wale, nao kwa mara ya kwanza maishani wakapika busaa mchana kweupe bila kumweka mtu mlangoni wa kuwaangalia polisi. Kiwanda kiliishi miezi kumi na saba.

Jinsi kilivyokufa, ukurasa wa kumi na nne ulieleza hivi: “Mpishi mkuu, mama mmoja asiyejua kusoma, hakuzingatia usafi. Pombe iliharibika, chupa zikapasuka, na jina letu likaisha.”

Mama mmoja. Alikuwa na jina: Mmbone. Ndiye aliyemzaa Truphosa.

Jioni hiyo Truphosa alimpigia mama simu nyumbani, akikusudia kumficha habari hizo. Akakuta zimemtangulia. Mtu alikuwa amepiga picha ukurasa ule na kuutuma kijijini, na akina mama wa kanisa walikuwa wamemwondoa Mmbone kwenye upishi wa harusi ya Jumamosi. Kwa adabu, lakini walimwondoa.

“Wamesema nipumzike kwanza,” mama alisema. “Miaka hamsini nawapikia watu, Truphosa. Sasa mikono yangu ni michafu?”

Truphosa hakulala vizuri wiki nzima. Aliyajua mambo yale si kwa kusimuliwa. Siku za kiwanda alikuwa na miaka kumi na tisa, akikaanga unga uliovundikwa juu ya bati pamoja na mama yake, moshi ukiwatoa machozi. Alimwona mama akipima kimea cha wimbi kwa kiganja na kunawa mikono hadi ngozi ikakunjamana.

Jumamosi kitabu kilizinduliwa rasmi katika ukumbi mmoja Selly Oak. Watu kama arobaini walikuja, vitabu vimepangwa mezani. Bethuel alihutubia kwa muda mrefu juu ya ujasiri wake. Alipokaribisha maswali, Truphosa alisimama.

“Mzee, busaa ikishachujwa, hukaa siku ngapi?”

Bethuel alicheka. “Binti yangu, hayo ni mambo ya jikoni. Mimi nilikuwa upande wa uongozi.”

“Hukaa siku tatu. Na siku hizo zote bado inachemka yenyewe. Ukiifunga ikabanwa, itatoka kwa nguvu. Mama alikwambia. Wewe ulimjibu nini?”

Bethuel alisema hakumbuki. Hapo Mzee Walter, aliyekuwa dereva wa kiwanda na sasa anaishi Ladywood kwa bintiye, akasema kutoka kiti cha nyuma bila hata kusimama: “Ulimjibu kwamba matajiri wa Nairobi hawanywi kwa mrija mtungini kama wazee wa kijijini. Nilikuwepo, Bethuel. Ukakaza vifuniko kwa mashine yako mpya, ukanipakilia lori. Kufika Nakuru chupa zililipuka nyuma yangu, nikadhani ni majambazi. Niliingia mtaroni na lori lako.”

Watu wakaangua kicheko. Truphosa hakucheka. Alimwambia Bethuel kwamba akina mama wale walikamatwa, wakapigwa, wakalala rumande, na ujuzi wao ukabaki salama mikononi mwao. Aliyeuharibu ni mtu aliyeona aibu jinsi busaa inavyonywewa, na sasa anamtupia uchafu wake mama wa miaka sabini na minane.

Bethuel alijipangusa uso. Akaahidi kurekebisha jambo hilo toleo la pili likichapishwa, Mungu akipenda.

“Hatusubiri toleo la pili,” Truphosa alisema.

Alivuta kiti mezani, akatoa kalamu ya wino mweusi, akafungua kitabu cha kwanza, akafuta mistari ile na kuandika pembeni: “Mmbone alikataza busaa isifungwe kwenye chupa. Mwenyekiti aliifunga.” Akachukua cha pili. Hakuna aliyemzuia. Walioshika nakala zao tayari walianza kupanga foleni ili nazo zirekebishwe, na mmoja akaupiga picha ukurasa mpya ili autume nyumbani.

Ilipobaki nakala moja, Truphosa aliisukuma pamoja na kalamu hadi mbele ya Bethuel.

“Hii uiandike wewe mwenyewe. Itapelekwa kanisani kwa mama.”

Bethuel alipapasa mifuko ya koti, akasema kwamba amesahau miwani nyumbani.

Mzee Walter alikuja polepole kutoka nyuma, akavua yake, akaifuta kwa tai, akaiweka juu ya kitabu.