Mkwe Hakuita

Mume wangu Lokombe ndiye aliyemchagua kasuku wetu Mkwe, asubuhi yenye ukungu, kutoka kwenye kikapu cha mdogo wake Onema. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na sahani ya mihogo mkononi.

Onema ni mtega kasuku. Hupanda kwa kamba ile miti mirefu ya kando ya mto Lomami, akapaka ulimbo kwenye matawi, kisha akamfunga huko juu kasuku mmoja aliyefugwa ili aite. Wale wa porini wakisikia mwenzao anaita, hushuka kumwona, wakanasa. Mume wangu aliifanya kazi hiyo pamoja naye kwa miaka mingi. Goti lake lilipoharibika akaiacha, kamba na panga vikabaki vimetundikwa ukutani.

Kikapuni mlikuwa na makinda matatu. Mawili yalikuwa yakinguruma na kutaka kumuuma kila aliyesogeza mkono. La tatu lilitulia pembeni, limejikunyata, macho nusu yamefumbwa. Mimi nikasema tuchukue hilo lililotulia.

Lokombe akacheka. "Mke wangu, huyo unamwona mpole?"

"Si anakaa kwa adabu?"

"Huyo hana adabu, anakufa. Kasuku mzima akikuona anakutukana. Aliyenyamaza kikapuni usimchague hata siku moja."

Akamshika mmoja wa wale wakorofi, akampapasa kifua kwa kidole gumba. Akaniambia niguse. Ule mfupa wa katikati ulikuwa umezama kwenye nyama, sikuusikia vizuri. Kisha akanigusisha yule mtulivu, na mfupa ukanikata kidole kama makali ya kisu. Akanionyesha na macho. Yakiwa meusi, ndege bado mtoto na atakuzoea. Yakishageuka manjano, ameshaijua dunia, na afadhali afe njaa kuliko kula mkononi mwako.

Onema alisema, "Kaka, unachagua ndege au unachagua mke?"

"Mke nilichagua haraka," Lokombe akajibu. "Ndiyo maana ndege naangalia."

Tukamwita Mkwe. Alikula kabla yetu, alikula vizuri kuliko sisi, na hakuna aliyethubutu kumkaripia. Makao yake yalikuwa kijiti karibu na mlango wa jikoni. Kizimba hakuwa nacho. Lokombe alimkata manyoya ya bawa la kulia kwa mkasi, na kila yalipoota tena aliyakata tena, basi. Chakula chake kikubwa kilikuwa chikichi mbivu. Aliimenya kwa mdomo, mafuta mekundu yakimchirizika shingoni, kisha akafuta mdomo kwenye shati la Lokombe kana kwamba shati limewekwa pale kwa kazi hiyo. Nikamwambia mume wangu afue mashati yake mwenyewe. Hakufua.

Kila jioni kundi la kasuku wa porini hupita juu ya nyumba zetu kwenda kulala ng'ambo ya mto. Mkwe alipoyasikia makelele yao kwa mbali alipanda kwa mdomo na kucha mpaka ukingo wa paa la jikoni, akaita. Kundi lilikatisha safari, likazunguka mara moja juu ya paa letu, likaenda zake. Hakuna aliyemfundisha.

Onema alimsikia. Alikuwa akija kunywa pombe ya mchikichi kwa kaka yake, akakaa na kikombe hewani mpaka kundi lipotee.

"Wangu wote niliowafundisha hawaiti hivyo," alisema. "Mali kama hii unaiweka jikoni, kwenye moshi wa kupikia sombe."

"Huyo ni wa jikoni. Muulize shemeji yako."

"Kaka, nipe hata msimu mmoja."

"Akipandishwa mtini, atakuwa anaita wenzake wafe. Hapa anawasalimia tu. Kunywa pombe yako."

Mvua za kwanza zilipoanza, Lokombe alipanda mchikichi ulio nyuma ya nyumba kukata kichala cha chikichi. Nilimwambia amngoje Onema, kwa sababu ya goti. Akasema kichala kimeiva na Mkwe amemaliza zote. Nilisikia kichala kikianguka. Halafu nikamsikia yeye akianguka. Alikaa na uhai mpaka jua lilipokuwa utosini, hakusema neno.

Kwetu mke aliyefiwa hunyolewa nywele zote na wifi zake, siku ileile ya kuzika. Ahondju, dada yake Lokombe, alininyoa uani kwa wembe, akanipaka majivu, akanivika nguo nyeusi. Nilipoingia jikoni, Mkwe alipiga ukelele ambao sikuwahi kuusikia kwake, akaanguka kutoka kwenye kijiti chake na kujificha nyuma ya chungu cha maji. Nikamnyoshea mkono. Akaniuma mpaka damu.

Wakati ule sikulitilia maanani. Nilikuwa na mambo yangu. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba kwake yeye tulipotea wote wawili siku moja, mimi na Lokombe, na jikoni pakaingia mwanamke asiye na nywele.

Mkwe alikuwa ameiga kikohozi cha Lokombe. Alikuwa akikikohoa kila asubuhi, sawasawa kabisa, hata majirani wakadhani mwenye nyumba ameamka. Baada ya mazishi nililala nikiwa nimetega sikio. Nilikitaka kile kikohozi. Hakukohoa. Hakupiga mluzi wala hakunguruma. Makundi yalipita jioni naye akakaa kwenye kijiti chake akiwa amewageuzia mgongo.

Kisha akaanza kujinyonyoa. Alianzia kifuani, unyoya baada ya unyoya, akauangusha chini na kuutazama. Ahondju alipokuja kuniletea samaki alimkuta kifua kitupu, ngozi imetoka vipele.

"Naye amenyolewa," alisema. "Wifi, mmefiwa wote wawili kweli."

"Usinichekeshe."

"Sikuchekeshi. Nani alimnyoa huyu? Mimi nilinyoa mmoja."

Tukacheka, tena tukalia.

Nilimhangaikia. Nilimpa papai. Nilimtafunia mahindi ya kuchemsha, kama Lokombe alivyokuwa akimfanyia alipokuwa kinda. Chikichi nilizikata kutoka chini kwa upondo uliofungwa kisu, kwa kuwa hakuna mtu mwingine niliyetaka apande mti ule. Mkononi mwangu hakula. Nikiweka sahani na kutoka nje, alikula kidogo, na niliporudi aliacha. Nywele zangu ziliota, nikavua kitambaa cha kichwani ili azione. Nikavaa shati la Lokombe. Alilitazama shati kwa muda mrefu, jicho moja kwanza, halafu la pili, akarudi kwenye kazi yake ya kunyonyoa.

Mvua zilipokatika, ukoo ulikuja kumaliza msiba na kugawana vitu vyake. Walikaa uani. Mzee Djamba, baba mdogo wa Lokombe, ndiye mkubwa wa ukoo. Sikio lake moja halisikii, na analigeuza upande wa mtu asiyetaka kumsikia. Desturi yetu ni nyepesi. Kitu alichofanyia mtu kazi huenda kwa ndugu yake. Kinachokula jikoni hubaki kwa mke. Onema akapewa kamba, panga na baiskeli. Mimi nikaachiwa kuku, mbuzi na vyungu. Hakuna aliyebishana. Ahondju alikuwa ameshaanza kupakua wali.

Onema akasema, "Na ndege."

"Ndege gani?" nikamuuliza.

"Shemeji, unajua ndege gani."

"Mkwe anakula jikoni kwangu. Kila mtu hapa amemwona."

"Hata mbwa wa kuwinda anakula jikoni," Onema akasema. "Mbwa wa marehemu anapewa nani? Anapewa ndugu. Yule ni ndege wa kuita. Nimemsikia kwa masikio yangu."

"Umemsikia ukiwa umelewa," Ahondju akasema kutoka pale penye sufuria ya wali.

"Nikiwa nimelewa nasikia vizuri zaidi, dada."

Watu wakacheka. Mimi nilijua anakokwenda Mkwe akichukuliwa. Atafungwa mguu, atapandishwa juu kule kwenye upepo, ataita, na wale aliokuwa akiwasalimia watashuka kwenye ulimbo. Akishindwa kuita, Onema hana sababu ya kumlisha. Nilikuwa sina kitu kingine kilichokuwa kimekaa na Lokombe kila siku kama mimi.

Nikasema, "Baba mdogo, Lokombe alikataa. Onema mwenyewe alikataliwa hapahapa uani."

Mzee Djamba akageuza sikio lake zima. Akauliza, "Ndege huyo aliwahi kupanda mtini na kamba?"

"Hapana," Onema akajibu. "Lakini anaita."

"Kasuku wote wanapiga kelele," nikasema.

"Kelele na kuita ni vitu viwili," Mzee akasema. "Nimetega kabla yenu. Kundi linapita saa ngapi?"

"Jua likianza kuzama."

"Tutakula, tutangoja. Akiwaita, ni wa kazi, ataondoka na Onema pamoja na kamba. Asipowaita, ni kuku tu, abaki jikoni. Na mtu asimfunike."

Wakala. Mimi sikula. Niliingia jikoni nikamwekea Mkwe chikichi kubwa kuliko zote, mbivu kabisa, nikiwaza kwamba mdomo ukijaa hautaita. Aliitazama. Nikaimenya kidogo, mafuta yakatoka, nikamsogezea. Ikaanguka chini. Nikamwambia kwa sauti ndogo, "Leo tu. Kesho waite unavyotaka."

Onema akaja kumtoa na kijiti chake, akakiweka uani, mahali peupe. Mkwe hakumuuma. Alikwenda tu.

Tukawasikia kabla ya kuwaona. Walitoka upande wa mashamba ya mpunga, wengi, wakipiga yale makelele yao ya watu wanaotoka sokoni. Ahondju alinishika mkono. Kundi likafika juu yetu, chini kabisa, mikia yao myekundu ikaonekana wazi. Mkwe aliinua kichwa. Nikaona koo lake likipanda na kushuka. Nikafumba macho.

Hakuita.

Walipita moja kwa moja, hawakuzunguka, wakapotea ng'ambo. Mkwe alikuwa ameshainamisha kichwa.

"Kuku," Mzee Djamba akasema, akaomba pombe.

Ahondju alipiga kigelegele kifupi, akakikatiza kwa kuwa bado ni nyumba ya msiba. Mimi nilikuwa nikicheka. Mtu mmoja akasema hajaniona meno tangu mvua za kwanza. Nilikuwa nimeshinda, na niliona kama Lokombe amesema nami, kwamba Mkwe ameelewa na amenyamaza kwa ajili yangu.

Onema hakubisha. Alikwenda pale kwenye kijiti akachuchumaa, akamtazama yule ndege kwa muda. Kisha akanyosha mkono na kumpitishia kidole gumba kifuani, taratibu, kutoka juu kwenda chini. Nilimwona. Alikaa hivyo hivyo, kidole kikiwa pale pale.

Akamnyanyua, akamrudisha jikoni yeye mwenyewe. Alipotoka hakunitazama usoni.

"Shemeji, mweke karibu na moto," alisema. "Na mkatie zile chikichi ndogo, laini. Nitakuletea."

"Una hasira?"

"Hasira ya nini." Akachukua kamba za kaka yake begani. "Mweke tu karibu na moto."

Wageni walipoondoka niliingia jikoni. Sikutaka kumgusa. Nilikoleza moto, nikaosha sufuria zote, nikapanga vyungu, nikafagia manyoya. Hatimaye nikaweka kidole pale Onema alipoweka chake, na mfupa ukanikata.

Nilimpakata siku zote zilizofuata, naye alikubali kupakatwa, jambo ambalo hakuwahi kulikubali hata kwa Lokombe. Nilijua maana yake. Onema alileta chikichi kama alivyosema, akazimenya yeye mwenyewe kwa kucha. Tulimdondoshea maji mdomoni kwa jani. Asubuhi moja nilimkuta chini ya kijiti, ubavuni, kwenye majivu.

Watega ndege hawaziki ndege. Onema alichimba hata hivyo, nyuma ya jikoni, kwa panga la kaka yake. Nilipomkunja Mkwe niweze kumfunga kwenye kipande cha lile shati, bawa la kulia lilifunguka mkononi mwangu. Manyoya yalikuwa yameota yote, marefu, mazima, mpaka ncha. Hakuna aliyekuwa ameyakata tangu Lokombe afariki.

Onema naye aliyaona. Aliyapima kwa kiganja, kama anavyowapima wa porini.

"Huyu alikuwa anaweza kuruka," alisema. "Toka zamani."

Nikalikunja bawa, nikamfunga.