Gia Zilizofichwa Ndani ya Gurudumu

Baiskeli ilifika Kikoneni ikiwa juu ya pikapu, katikati ya magunia ya mbolea. Baiskeli ya zamani ya Mbodze ilikuwa imevunjika fremu, naye alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, kazi yake kuzungukia nyumba za wajawazito na wagonjwa wa kifua. Hii ilitoka kwa shemeji yake Ramadhani, mtunza bustani wa Kinondo. Alipewa na mzee wa Kizungu aliyekuwa akirudi kwao.

Ilikuwa nzuri ya kutazama, nyeusi, rangi ikimeremeta chini ya vumbi. Lakini ilikuwa nzito ajabu. Penye tambarare ilikwenda. Penye mwinuko kidogo tu, pedali ziligoma kama zimefungwa kamba. Kilima cha kutokea mtoni Mbodze alikipanda kwa miguu, akiisukuma, na wanawake wenye ndoo kichwani walimpita wakimpa pole. Mwisho akampigia simu Ramadhani.

"Shemeji, umeniletea baiskeli au umeniletea adhabu?"

Ramadhani alicheka. "Gia je, zinaingia?"

"Gia gani? Nyuma kuna duara moja la meno, kama baiskeli zote."

"Hazionekani kwa nje, zimo ndani ya gurudumu. Tazama kwenye usukani, upande wa kulia, kuna kichuma cha kubonyeza kwa kidole."

Kichuma kilikuwapo. Mbodze alikuwa akidhani ni mabaki ya kengele. Waya wake ulikuwa umekatika.

"Yule mzee alikuwa akinihadithia," Ramadhani akasema. "Hapo zamani waendesha baiskeli wa kwao wakifika chini ya mlima walishuka, wakafungua gurudumu la nyuma, wakaligeuza. Upande mmoja lilikuwa na meno ya kupandia, upande wa pili ya kuteremkia. Wakifika juu, wanashuka tena, wanageuza tena. Watu wakachoka, wakatafuta njia ya kubadili bila kushuka. Hiyo yako ni njia mojawapo."

Mbodze akaipeleka Msambweni kwa Abdulaziz, fundi wa pikipiki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, alhamdulillahi." Abdulaziz alikuwa ameshalizungusha gurudumu la nyuma. Katikati, kwenye ncha ya ekseli, kulining'inia mnyororo mwembamba kama kidani. Alifuta tumbo la chuma lililo katikati ya gurudumu kwa kitambaa chenye petroli, yakatokea maandishi, na mwisho wake tarakimu mbili: 58.

"Nadhani ni mwaka," alisema. "Kabla ya Uhuru, mama!"

"Mama yangu alikuwa bado msichana."

"Gia za pikipiki nimefungua nyingi. Hii sijapata kuiona. Nikiifungua, huenda nisijue kuirudisha."

"Fungua. Mimi nitapiga picha kila unachotoa."

Mafuta ya ndani yalikuwa yameganda kama halua. Abdulaziz aliosha kila kitu, na meno yakatoka meupe, makali, kana kwamba yamechongwa jana. Katikati palikuwa na kigurudumu kimoja kisichosogea. Vingine vinne vidogo vilikizunguka, na vyote vimekumbatiwa na pete yenye meno kwa ndani. Akaisukuma ile pete kwa kidole. Vile vinne vikajizungusha kila kimoja peke yake, na papo hapo vikatembea kukizunguka cha katikati.

"Subhanallah," Abdulaziz alinong'ona.

Mbodze aliinama hata ncha ya leso yake ikakaribia mafuta. "Kama jua na sayari zake," alisema. Vijana wa bodaboda waliokuwa wakingoja zamu yao wakaacha kubishana, wakasogea.

Abdulaziz akavuta ule mnyororo mwembamba, akaachia, akavuta tena. Kisha akaangua kicheko. "Mama! Waya ukikatika, inabaki kwenye gia nzito kuliko zote. Siku zote hizi umekuwa ukipanda vilima kwa gia ya mteremko!"

Waliirudisha kwa kufuata picha, wakakosea, wakaifungua upya, wakapata. Akatia waya mpya.

Kesho yake asubuhi, chini ya kile kilima, Mbodze aliacha kupiga pedali kidogo kama alivyoelekezwa, akabonyeza mara mbili. Miguu ikawa myepesi ghafla, hata akadhani mnyororo umekatika. Akatazama chini. Gurudumu lilikuwa linazunguka na ardhi nyekundu inapita. Alikwenda polepole, lakini alikwenda, na pumzi yake ilikuwa shwari.

Katikati ya kilima alimkuta jirani yake Jumwa na ndoo ya maji.

"Mbodze! Umetia injini?"

"Sikiliza mwenyewe!"

Jumwa alitega sikio. Hapakuwa na mlio wowote, ila mawe madogo yakisagika chini ya tairi.

Huko juu Mbodze alishuka, akachuchumaa kando ya gurudumu. Kwa nje lile tumbo la gia lilikuwa kipande cha chuma tu, kikubwa kama ngumi. Aliwawazia watu wasiomjua, waliochonga meno madogo vile kisha wakayafungia mahali ambapo hakuna atakayeyaona. Akakigusa kwa kiganja na kuuacha mkono pale.

Nyumba ya mgonjwa wa kwanza ilikuwa ikionekana, na jua lilikuwa bado changa. Mbodze akaigeuza baiskeli, akateremka hadi mtoni, akaanza kupanda upya. Jumwa aliitua ndoo chini ili amtazame vizuri.