Solvej Apimwa Kazi
Solvej, aliyetoka chuo juzijuzi, aliomba kazi kwenye kiwanda cha viatu huko Aarhus. Bi Ragnhild, mwenye kiwanda, hakuvigusa vyeti vyake.

“Nyie wasomi ni mdomo tu. Haya, kamwambie yule mzee Preben leo ndiyo mwisho wake hapa.”

Solvej akaenda, akamwambia. Preben alivua aproni, akatoka bila kuaga mtu.

“Nimefaulu?” Solvej aliuliza aliporudi kwa Bi Ragnhild.

“Umefeli. Aliyeiva kwa kazi angeniuliza kwanza kosa lake.”

“Kwani alikosa nini?”

“Hakukosa kitu. Nilikuwa nakupima tu.”

“Basi nimkimbilie, nimrudishe!”

“Mwache,” alisema Bi Ragnhild, akimwonyesha mlango. “Ameshazeeka, na mimi nilikuwa naona haya kumwambia.”