Lori la Mwisho Kabla ya Sifuri

Kampuni ile ya familia ilikuwa imeuza mafuta tangu Mzee akiwa kijana mwenye pampu moja ya kuzungusha kwa mkono, na sasa ilikuwa imeshika njia ya kuacha kuyauza. Mtaani watu walicheka mpaka basi. Muuza mafuta anayekimbia moshi, walisema, hiyo nayo mpya. Lakini halikuwa jambo la mzaha. Mzee mwenyewe ndiye aliyelianzisha kabla hajafa, siku alipowakalisha watoto wake mezani akawaambia ameuza moshi maisha yake yote na hataki wajukuu wauvute. Akaweka na mwaka. Ukifika mwaka huo, alisema, tunachochafua kisizidi tunachosafisha. Wataalamu wana jina refu la jambo hilo. Pale nyumbani waliliita Sifuri, basi.

Mzigo uliangukia mabega ya binti mkubwa. Mama yake alimwita Mkurugenzi kwa kumtania, na jina likamganda. Kazi aliifanya, tusimnyime haki yake. Pampu za dizeli ziling'olewa moja baada ya nyingine, zikasimamishwa chaja za magari ya umeme. Paa la kituo likajaa paneli za sola. Yakaja malori mapya, nayo ya umeme, yanayopita kimya mpaka mlinzi wa geti alikuwa akiruka kila yalipomtokea mgongoni. Kilibaki kitu kimoja tu, na kilikuwa kimeegeshwa nyuma ya yadi, mkabala na dirisha la jiko la mama yake: lori la mafuta la Mzee, ambalo familia nzima ililiita Kikohozi.

Lori hilo halikuwa limetoka getini tangu mwenyewe azikwe. Lingekaa tu likaota kutu, nani angeligombania? Lakini kila Ijumaa Bimkubwa, ndivyo wafanyakazi walivyomwita yule mama, alimtuma kaka yake aliwashe. Kaka yake huyo, Mjomba wa watoto, alikuwa fundi wa kampuni tangu siku ya kwanza. Aliliwasha, lori likakohoa, moshi mweusi ukapanda mpaka kwenye zile paneli, na Bimkubwa akasimama dirishani amefumba macho. Mkaguzi wa mazingira alipokuja akaukuta moshi wenyewe. Hakugomba. Alisema tu kwamba maadamu lori lile linawashwa, cheti cha Sifuri wasahau.

Mkurugenzi akapiga moyo konde, akaenda jikoni, akavuta stuli.

"Mama, lile lori."

"Limefanya nini?"

"Chuo cha ufundi wanaliomba. Watalikata ubavuni wanafunzi waione injini ilivyo ndani. Litatunzwa, mama, si kwamba linatupwa."

Bimkubwa aliendelea kumenya viazi. "Unadhani mimi napenda moshi? Moshi ndio umeninyang'anya mume. Kifua chake ulikisikia mwenyewe mwishoni. Lichukueni."

Binti akashusha pumzi. Mapema mno.

"Lakini," mama akasema, na kisu kikasimama. "Kila Ijumaa nalisikiliza na halinifikii. Ni gari limesimama linaunguruma. Baba yako hakuwa mtu wa kusimama, alikuwa mtu wa kurudi. Nimemkumbuka, mwanangu. Nataka nimsikie anarudi, mara moja tu. Likate kona ile kama alivyokuwa anaikata yeye. Halafu lipelekeni mnakotaka, sitawauliza tena."

Kona yenyewe ilikuwa pale pale nyuma ya ukuta wa nyumba. Mzee akiifikia alirudisha gia kutoka ya tatu kwenda ya pili kwa pupa, bila kuisubiri klachi, na giaboksi ikapiga ukelele wa meno kwa meno, krrraa, halafu kimya kidogo, halafu kikohozi. Madereva wengine walikata kona hiyo hiyo kutwa nzima na Bimkubwa hata kichwa hakugeuza. Ila akisikia ule ukelele, awe na mgeni, awe anasali, uso wake ulifunguka. "Amefika huyo," alisema. Na kweli, mlango ukafunguliwa. Sasa ulikuwa mwaka wa pili hakuna anayefika.

Mkurugenzi alikubali hata kabla mama hajamaliza. Naye hamu ilikuwa imemkaba, asitudanganye kwamba ni cheti tu. Udereva alifundishwa na baba kwenye lori lile lile, ndani ya yadi, tangi likiwa tupu, na ile gia ya pupa aliijua mkononi. Akaenda gereji akamwambia Mjomba: Alhamisi lori linakwenda chuoni, liweke sawa. Hakuongeza neno. Ya mama na kona akayameza, maana aliona haya kuyasema mbele ya mafundi. Hapo ndipo alipoharibu.

Alhamisi ikafika. Alilitoa lori getini mchana, akazunguka mtaa wa nyuma, akarudi kwa njia aliyokuwa akirudi nayo baba yake. Alijua mama yake yuko dirishani tangu asubuhi, amejifunga kanga ya kutokea, kama mtu anayepokea mgeni. Kona ikaja. Akarudisha gia kwa pupa, bila kuisubiri klachi, kama alivyofundishwa.

Gia ikateleza ikaingia mahali pake bila neno. Hakuna krrraa, hakuna kimya, hakuna kikohozi. Lori likakata kona kwa adabu zake zote na kuingia yadini.

Alizima injini, akatazama dirishani. Mama yake alikuwa pale, macho ameyafumba, shingo ameiinamisha kidogo upande wa barabara. Lori lilikuwa mbele ya pua yake naye bado anasubiri.

Mjomba akatokea gereji anafuta mikono kwa kitambaa, uso umemng'aa. "Umelionaje? Meno ya gia nimebadilisha yote, klachi mpya, na ile pua ya kunyunyizia mafuta iliyokuwa inalikohoza nimeweka nyingine. Wiki nzima nimelala chini ya gari hili."

"Mjomba, nani alikutuma?"

"Kwani mtu anatumwa? Watoto wa watu waje wafungue giaboksi wakute meno yameliwa, watauliza fundi alikuwa nani, na fundi ni mimi. Miaka yote nilimbembeleza shemeji anipe siku mbili tu, hataki. Anasema achana nayo, mke wangu ananijua kwa mlio huo. Mimi nikaona ni ubahili wa..."

Hakumalizia. Alimtazama dada yake kule dirishani, akamtazama mpwa wake, na kile kitambaa kikamdondoka mkononi.

"Yale meno ya zamani yako wapi?" Mkurugenzi akauliza.

"Jana yamekwenda na watu wa chuma chakavu," akajibu Mjomba, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Bimkubwa alifumbua macho mwenyewe. Aliliona lori. Akatoka kwa mlango wa jikoni, akasimama mbele yao, na hapakuwa na njia ila kumwambia, basi binti akamwambia yote, pamoja na haya zake za kipuuzi. Mama alimgeukia kaka yake.

"Tangu utoto wewe mikono yako haijui kutulia," akasema. Hakuongeza, na Mjomba angependa zaidi atukanwe.

Kisha akazunguka upande wa abiria. "Nifungulieni."

Wakatazamana. Katika ndoa yote ile hakuwahi kupanda lori hilo. Mzee hakupakia abiria: lori la mafuta halibebi mtu, alisema, na mke naye ni mtu. Ilibidi Mjomba amsukume kwa nyuma ndipo akafika kitini, anahema, kanga imekwenda upande.

Wakatoka mama na binti. Barabara ya chuoni ni ndefu na ina vilima, na giaboksi inaweza kuwa mpya lakini injini ni ile ile, imekaa chini ya viti, inanguruma mpaka mifupani. Mama akasema kitu. Binti hakusikia. Akarudia, wapi.

"Nini, mama?"

"Nauliza, alikuwa anakaa humu kutwa nzima?" Sasa alikuwa anapiga kelele.

"Kutwa nzima," binti naye akapaza sauti.

Vilipita vilima viwili. Bimkubwa aliposema tena alikuwa anatazama mbele, na ilimbidi avute sauti kutoka tumboni. "Baba yako alikuwa akiingia ndani anaongea kwa kelele kama mimi niko ng'ambo ya barabara. Nikamwambia usinifokee mbele ya watoto. Akaniapia hafoki. Sikumwamini. Kila siku namwambia, unanifokea, unanifokea. Mwishoni akaacha. Akija anakaa pale kitini, ananyamaza, ananitazama tu. Nikasema angalau sasa ana adabu. Kumbe masikio yake yalikuwa bado humu."

Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi naye hayafuti. Binti alitamani kumshika mkono, lakini lori la namna ile linataka mikono yote miwili.

Geti la chuo lilikuwa wazi. Mwalimu na wanafunzi wake walikuwa wamejipanga uwanjani, wamevaa ovaroli safi, na mwalimu akaonyesha kwa kidole mahali pa kuegesha. Mkurugenzi akaingiza lori polepole. Mama alikuwa bado anaongea, amepandisha sauti juu ya injini, na binti, bila kufikiri, akazungusha ufunguo. Injini ikazimika katikati ya maneno.

"Angerudi," Bimkubwa alikuwa anasema, kwa sauti ile ile ya kushindana na lori, "angerudi hata leo anifokee."

Uwanja mzima ulikuwa kimya. Wanafunzi wote waligeuka kumtazama.