Gurudumu la Mwanga

Asiya aliitazama foto ile kwenye kitambulisho akaona shati, akaona shingo, ila uso hakuuona. Damu ikamchemka.

"Askari wa kizuizini amenirudisha," alisema Dévote, jirani yake pale Buterere, ambaye mwanawe alikuwa amelazwa hospitalini mjini. "Ameangalia karangamuntu yangu, akaniuliza, huyu ni mutu ao ni kivuli? Mutoto yangu iko peke yake kule, Asiya."

Siku zile za vita, kadi isiyo na uso haikuvuka kizuizi. Ndiyo maana watu walikuja kwa Asiya kupigwa foto, akawaketisha mbele ya shuka jeupe. Kamera ikielekezwa kwenye weupe hudhani mwanga umezidi, ikajibana, na uso mweusi ukazama. Kwa hiyo lile gurudumu dogo la juu, linaloiambia kamera filamu ina kasi gani, Asiya alilitia alama kwa rangi nyekundu ya kucha. Filamu ilikuwa ya mia. Yeye akaidanganya kamera kuwa ni ya hamsini, nayo ikafungua jicho. Nyuso zikatoka zilivyo.

Kamera waliirithi yeye na mdogo wake, Uthmani. Uthmani alipiga harusi, ambako giza la ukumbi huifanya kamera ifungue jicho mno na gauni jeupe likaungua, basi yeye alilisukuma gurudumu hadi mia mbili. Hapakuwa na ubaya. Mapatano yalikuwa kwamba anayerudi na kamera alirudishe gurudumu kwenye alama kabla hata ya kuvua viatu. Asiya hakuwahi kukagua. Kumkagua ndugu yako ni kumtukana.

Alimkuta Uthmani uani, anakunywa chai.

"Gurudumu uliirudisha ulipotoka kwenye harusi ya Kinanira?"

"Aa, dada, nilisahau. Lakini ni giza kidogo tu, apana?"

Kidogo tu! Na yeye mwenyewe alipita kizuizini kila wiki kifua mbele, kwa foto aliyopigwa na dada yake! Asiya alitamani kummwagia chai ile kichwani. Badala yake aliliweka gurudumu kwenye alama, akachukua gundi ya fundi viatu, akaimimina pembeni mwake mpaka ikafurika, lisizunguke tena.

"Wallahi, dada, umeniua! Na harusi zangu?"

"Mabibi harusi wako watatoka weupe pepepe, hata pua hawatakuwa nayo. Ndiyo utajua."

Akampiga Dévote foto mpya, akaisafisha mwenyewe, na karani wa ofisi ya komini akaibandika kwenye kadi. Kesho yake asubuhi Asiya alimburuta Uthmani kwa mkono, wakamsindikiza Dévote hadi kizuizini. Askari aliitazama kadi, akamtazama mama, akampisha. Dévote alishika njia mbio, hakuaga mtu.

Uthmani akashusha pumzi. "Si umeona, dada? Amepita."

"Nimeona. Sasa mufuate. Mutoto akiuliza mama alikuwa wapi, we ndiye utamujibu."

Uthmani akatia mkono mfukoni kutafuta kadi yake. Asiya akamsukuma mgongoni, kwa nguvu zake zote.