Mkebe wa Kando ya Wi-Fi

Viazi vya Dedan viliponyauka, afisa wa kilimo alikuja kutoka Nyeri mjini, akakata shina moja, akalisimamisha kwenye glasi ya maji na kumwonyesha ute mweupe ukitiririka. Ni bakteria, akasema, na wamo kwenye udongo. Dedan alimshukuru, akampa kabichi mbili, kisha akaenda kituo cha kukusanyia maziwa na kutangaza kwamba viazi vyake vimeuawa na Wi-Fi.

Mkewe, Kagure, alizipata habari hizo kwa majirani kabla hajazipata kwa mumewe. Kisanduku chenyewe cha Wi-Fi kilikaa sebuleni, kwenye rafu ya kona, na kilikuwa cha binti yao Anita, aliyerudi nyumbani Mweiga baada ya miaka sita Nairobi. Kazi yake ilikuwa kuvaa visikizi na kuandika yaliyosemwa kwenye mikutano ya watu wa ng'ambo. Bila Wi-Fi hana kazi, na bila kazi angehamia mtaa wa Skuta, Nyeri mjini, ambako rafiki yake alishamtafutia chumba. Kagure alikuwa amezoea tena kusikia mtu akicheka jikoni. Hakutaka hata kidogo kurudi kuishi na Dedan na redio.

Dedan naye, tumpe haki yake, hakuwa mtu wa kuhukumu bila ushahidi. Alichukua mikebe miwili, akaijaza udongo wa shimo moja, akapanda maharagwe mekundu ya gunia moja. Mkebe mmoja akauweka kwenye dirisha la jikoni, wa pili kwenye rafu, ubavuni mwa kisanduku.

"Wiki mbili," akasema. "Hii ya Wi-Fi ikikufa, Anita unatoa hiyo kitu. Na Ngatia atakuja kuona, ndio watu wasiseme ati mimi ni wazimu."

"Sawa, Dad," Anita akajibu, akaenda kukunja nguo zake.

Kufikia siku ya kumi na tatu, haragwe la rafuni lilikuwa limerefuka, likapauka, likalala kifudifudi. Kona ile haikuwahi kuona jua tangu nyumba ijengwe. Hata Kagure mwenyewe angesimamishwa pale wiki mbili angelala. Lakini nenda ukamwambie Dedan. Afisa alishamwambia kuhusu bakteria, tena akiwa na cheti.

Dedan alipopeleka maziwa, Kagure akateremka shambani. Maharagwe yote yalishatoa maua. Mche pekee wa umri uliotakiwa ulikuwa wa njahi, aina nyingine kabisa ya kunde yenye mbegu nyeusi, umejiotea kando ya ua. Akasimama kando yake kwa muda, akijua vizuri anachofanya. Kisha akaung'oa na udongo wake, akaupanda kwenye mkebe wa rafuni badala ya haragwe lililolala, akaosha mikono na kumwomba Mungu msamaha, kwa mpangilio huo.

Kesho yake Ngatia, jirani yao, alifika saa nne akiwa amevaa koti la kanisani. Dedan aliuchukua mkebe, akaupeleka mlangoni penye mwanga. Akageuza jani. Akapapasa shina. Akamtazama Kagure, na Kagure akaitazama chai.

"Lakini hii ni njahi," Ngatia akasema.

Anita, ambaye hangeweza kutofautisha njahi na magugu, alikuwa amesimama kando ya begi lake, visikizi shingoni, akimsubiri baba yake aseme. Dedan akamtazama yeye, akalitazama begi, akaurudia mmea.

Katika miaka thelathini na minane ya ndoa, Kagure alikuwa amemsikia mumewe akidanganya kuhusu mambo kadhaa, lakini kuhusu mmea, hata siku moja. Huyu ndiye aliyesimama katikati ya mahubiri kumsahihisha pasta aliyeita shayiri ngano. Kagure akaliweka birika chini.

"Ni maharagwe," Dedan akasema.

"Dedan, mimi nimelima njahi tangu niko na meno yote."

"Ni maharagwe, Ngatia. Na iko na afya kushinda ile ya dirisha. Kunywa chai."

Ngatia akanywa chai. Kagure akageukia ukuta, akajipangusa macho kwa ncha ya leso, maana alimpenda mwanamume yule kuliko alivyotarajia katika Jumanne ya kawaida tu.

"Na wewe Anita," Dedan akasema, bila kuinua uso kutoka kwenye mkebe, "rudisha hiyo begi kwa room. Watu wataanguka."