Mama, Toka Njiani

Watu wa Munje wakikuambia kwamba Bi Tumu alijifunza baiskeli ili apunge upepo, usiwasikilize. Bi Tumu alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Nyumba zake za kutembelea zilianzia ufukweni zikaishia huko bara, minazi inapokoma na vumbi jekundu linapoanza, na magoti yake yalikwisha kumwambia wazi kwamba safari hiyo hayaitaki tena. Mzee wa presha akikosa kupimwa kwa sababu magoti ya mtu yanauma, huyo si mhudumu tena, ni jirani tu. Kwa hiyo mradi mmoja wa afya ulipotangaza kutoa baiskeli za milimani, zile zenye matairi mapana na gia nyingi, Bi Tumu aliandikisha jina lake kabla mtangazaji hajamaliza salamu.

Masharti aliyasikia baadaye. Kila kijiji kitoe watu wawili, waende Galu kwa mafunzo ya juma zima, wajifunze kuendesha na kutengeneza, na siku ya mwisho washuke mteremko mmoja huko Kwale. Mmoja akishuka, mwenzake asimame kwenye kilima cha kando, mahali anapoiona njia yote, amwelekeze kwa sauti, kisha wabadilishane. Watakaoshuka salama watarudi na baiskeli. Watakaoshindwa watarudi walivyokuja, na baiskeli zao zitapelekwa kijiji kingine.

Mtu wa pili aliyechaguliwa na Munje alikuwa Nassir, kwa kuwa aliwahi kuendesha bodaboda na mambo ya magurudumu mawili aliyajua. Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Nassir alikuwa mume wa Sumaiya, na Sumaiya ni binti wa Bi Tumu.

Upande ule mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Mwanamume akikutana na mama mkwe njiani humpisha, huinamisha macho, husalimu kwa sauti ya chini akapita. Jina lake halitaji, sahani moja hali naye, seuze kumwamrisha. Wengi siku hizi wamelegeza kamba, lakini Bi Tumu yake aliikaza, na alikuwa na sababu.

Kabla ya posa, siku moja, alikuwa akikatiza njia panda ya Msambweni, ndoo ya samaki wa kuuza kichwani, mwendo wake ule wa kujidai. Pikipiki ikamjia kwa nyuma na sauti ikampasua masikio: "Mama, toka njiani!" Akaruka pembeni, samaki wakamwagika mchangani, na kijana wa pikipiki akapita kama mshale bila hata kugeuka kusema samahani. Siku si nyingi ikaletwa posa ya Sumaiya. Bwana harusi alipokuja kutoa salamu, Bi Tumu akachungulia kwenye pazia, akaona ni yule yule.

Posa hakuikataa. Sumaiya alikwisha kupenda, na kijana mwenyewe alikuwa mchapakazi mwenye dini yake. Lakini siku ya kumkabidhi binti alisema mbele ya wazee wote kwamba ana ombi moja tu, asiisikie sauti ya mkwe wake ikipanda juu ya sauti ya njiwa. Tangu siku hiyo Nassir alinong'ona.

Mwalimu wao huko Galu aliitwa Rispah, mwanamke mwembamba mwenye miguu ya chuma, aliyekuja pwani kutoka bara kushindana mbio za baiskeli akasahau kurudi. Hakuwa na habari za mkwe wala mkwewe. "Niaje, watu wangu?" alisema asubuhi ya kwanza, na Bi Tumu akamjibu kwa salamu kamili, ya hali, ya nyumbani na ya watoto, mpaka Rispah akacheka na kuanza upya kwa shikamoo.

Somo la kwanza lilikuwa kukagua. Rispah alichora herufi M hewani. Unaanza chini, kwenye gurudumu la mbele, unapanda hadi usukani, unashuka kwenye pedali na cheni, unapanda hadi kwenye kiti, unaishia gurudumu la nyuma. Kila unapopita unashika, unatikisa, unasikiliza. Wanafunzi wengine waliipita M yao upesi upesi. Nassir alipofika kwenye breki alituama. Alizibana, akaziachia, akazibana tena, akachuchumaa kutazama kwa ndani.

"Wewe na breki mna undugu?" Rispah akamuuliza. Nassir akatabasamu, akazibana tena.

Alasiri hiyo Bi Tumu aliitazama baiskeli aliyopewa akaona imepauka. Mtoto mchanga akiletwa nyumbani hupakwa mafuta ya nazi, na hii nayo ilikuwa ndiyo kwanza ifike mikononi mwake. Akatoa chupa yake mkobani akaipaka yote, cheni, vyuma, na zile sahani za breki zilizong'aa kama sinia la harusi. Alipomaliza alirudi nyuma akaitazama, akaridhika nayo sana.

Asubuhi alipanda, akaenda, akabana breki, akaendelea kwenda. Alimpita Rispah, akalipita beseni la kutafutia matundu ya tyubu, akawapita wageni waliokuwa wakinywa chai, akasimamishwa na ua wa michongoma. Rispah alikuja mbio, akainusa baiskeli, akauliza ni nani aliyeipika.

Nassir aliichukua baiskeli. Aliosha sahani kwa maji ya moto na sabuni, akavitoa vipande vya breki, akavisugua kwa msasa taratibu, asubuhi nzima, mpaka harufu ya nazi ikatoka. Bi Tumu alikaa kando akichomoa miiba kwenye buibui yake. Hatimaye Nassir akakohoa, akaukazia macho usukani.

"Baiskeli," alisema kwa sauti ya njiwa, "mafuta ni ya cheni. Breki hazitaki mafuta hata tone."

"Baiskeli imesikia," Bi Tumu akajibu, akiitazama pampu. "Na inashukuru."

Kadzo, mwanafunzi mwenzao aliyetoka Kinango, alicheka mpaka akakaa chini.

Kwa njia hiyo waliweza mengi. Walipitishiana spana kwa kuzungumza na spana. Walibandika kiraka, wakaunga cheni iliyokatika, wakajifunza kuosha chumvi na mchanga wa bahari kabla havijala vyuma. Katika ufundi hawakuwa na mpinzani. Kuendesha nako Bi Tumu alikushika. Alisimama juu ya pedali akiwa amezisawazisha, akarudisha uzito nyuma, vidole viwili kwenye breki, na lile somo ambalo Rispah alilirudia kila siku akalikariri: unapotazama ndipo utakapokwenda, kwa hiyo usilitazame shimo, tazama njia.

Shida ilikuja walipopelekwa kwenye machimbo ya mawe ya zamani kujaribu kushuka na kuelekezana. Nassir alipokuwa anashuka, Bi Tumu alielekeza kwa sauti iliyozoea kunadi samaki, na Nassir akashuka bila wasiwasi. Zamu ya Bi Tumu ilipofika, Nassir alisimama juu ya jiwe, akainamisha macho, akafungua kinywa.

"Samahani sana," alisema, "kama haitakuwa taabu kwa anayeshuka, upande wa kushoto huko mbele kuna mchanga mwi..."

Nassir alipofika kwenye neno mchanga, Bi Tumu alikuwa amekwisha kuufikia wenyewe zamani, kwa ubavu.

"Nassir, mteremko hausubiri salamu," Rispah akasema. "Neno moja. Kushoto. Kulia. Breki."

Nassir akajaribu neno moja, lakini alilinong'ona, na upepo wa Galu ukalichukua. Bi Tumu akaanguka tena. Walijaribu mpaka jua likashuka na kanzu ya Bi Tumu ya mazoezi ikawa na rangi ya machimbo. Rispah aliwaita pembeni akasema waziwazi kwamba wakishuka hivyo Kwale hatawapitisha, hata wakimlilia.

"Kwani mmekosana?" aliuliza.

"Ni mkwewe," Kadzo akamjibu kwa niaba yao.

Rispah alielezwa, akashika kichwa. Angependa kuwabadilisha, lakini mradi ulitaka watu wa kijiji kimoja, watakaosaidiana njia zile zile. Bi Tumu aliondoka pale na moyo mzito. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofunzwa, lakini hakuna aliyetuambia mkuu naye atavunjika nini akikataa kuambiwa na mdogo. Aliwaza juu ya mzee wa presha. Aliwaza na wanawake wa Munje pia, watakavyosema Bi Tumu kaenda na mbwembwe karudi na magoti yale yale. Aliitaka baiskeli ile kuliko alivyowahi kutaka kitu kwa muda mrefu.

Siku ya mtihani Kwale iliamka imelowa. Mvua ilikuwa imenyesha, na njia nyekundu iliyoteremka upande wa Golini ilikuwa imechimbika mifereji ambayo hata Rispah hakuitegemea. Katikati palikuwa na kona iliyofichwa na vichaka. Anayeshuka hakuweza kuona kilichokuwa nyuma ya kona hiyo. Aliyesimama kilimani aliona yote.

Kadzo na mwenzake walishuka salama. Kisha likaitwa jina la Munje.

Bi Tumu aliogopa. Aliukamata usukani kwa nguvu mpaka kengele ya baiskeli ikalia yenyewe. Nassir alikuwa ameinama akikagua breki za baiskeli ya mama mkwe wake, kama kila asubuhi.

"Baiskeli," Bi Tumu akaanza, kisha akajikatiza. Akageuka akamtazama kijana usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu siku ya pazia. "Nassir."

"Labeka, mama."

"Siku ile njia panda ulinipigia kelele vipi?"

Nassir alitazama ardhi kana kwamba ingemwokoa. "Sithubutu, mama."

"Ninakutuma mimi. Heshima si utumwa. Nikiwa juu ya hiki chuma mimi si mkweo, ni mzigo unaoteremka. Nipigie vile vile."

Nassir alipanda kilimani polepole. Bi Tumu akasema bismillahi, akaachia breki.

"Kushoto!" Sauti ilitoka kilimani nene na safi, na ndege wakaruka vichakani. Bi Tumu akaenda kushoto. "Nyoosha! Breki ya nyuma, kidogo! Achia!" Aliifuata sauti kila ilivyosema, na ajabu ni kwamba hakuhisi kuvunjiwa heshima hata chembe. Alihisi ameshikwa mkono.

Akaingia kwenye kona. Nyuma ya kichaka mvua ilikuwa imekula nusu ya njia, na shimo lilikuwa pale, limepanua mdomo. Macho ya Bi Tumu yakanasa kwenye shimo, na baiskeli, kama alivyofunzwa, ikayafuata.

"Mama, toka njiani!"

Miaka yote aliyoichukia sauti ile, mwili wake haukuwa umeisahau. Macho yakaruka kutoka shimoni hadi kwenye ukingo wa nyasi, usukani ukafuata, gurudumu la nyuma likafoka tope, na Bi Tumu akapita kando ya shimo, akateremka mpaka chini kabisa kwenye tambarare, akasimama kwa breki zilizoshika barabara. Alicheka peke yake huku machozi yanamtoka.

Nassir alikuja mbio, ndala moja imebaki topeni. Alipomkaribia alikumbuka adabu, akapunguza mwendo, akainamisha macho. Bi Tumu alivitazama vidole vyake viwili vilivyokuwa bado vimebana breki. Juma zima alikuwa amemwona kijana huyu akichuchumaa mbele ya breki. Wazo likamjia, taratibu.

"Nassir, siku ile pikipiki yako ilikuwa na breki?"

"Haikuwa nazo, mama. Zilikatika mbele ya soko."

"Na baada ya kunipita, ulisimamia wapi?"

"Mtaroni, mama. Ndiyo maana sikurudi kukuokotea samaki. Nilikuwa nikiokotwa mimi."

"Na miaka yote hii hukuniambia?"

"Mkwe hambishii mkwe," Nassir akanong'ona.

Bi Tumu aliona aibu, na ndani ya aibu hiyo akampenda mtoto wa watu kwa namna ambayo hakujua aiseme vipi. Alikuwa amemfungia kinywa kwa sababu ya neno lile lile lililomwokoa yeye.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Haya, zamu yako. Breki umeangalia?"

"Nimeangalia, mama."

"Angalia tena."

Nassir naye akashuka salama, na baiskeli zikafika Munje siku hiyo hiyo. Siku chache baadaye wanawake waliokuwa wakiteka maji walimwona Bi Tumu akiendesha kuelekea kwa mzee wa presha, mkobani kipimo chake, Nassir nyuma yake. Ng'ombe akachomoza kwenye mihogo, na Nassir akapiga ukelele mbele ya watu wote: "Mama, toka njiani!" Wanawake wakashika vifua. Wakamtazama Bi Tumu waone kijana atakavyokiona cha mtema kuni.

Bi Tumu alipinda pembeni, akampisha ng'ombe, akasimama na kushuka. Nassir naye akashuka, akaweka baiskeli kando, akainamisha macho mchangani.

"Shikamoo, mama," alinong'ona, kwa sauti ya njiwa.

"Marahaba, mwanangu," Bi Tumu akajibu. "Panda twende, mzee anatusubiri."